Mwalimu Kwenye Benchi la Wagonjwa

Wanafunzi wake walimwita Bi Sarufi, naye hakukasirika. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwafundisha Kiswahili madaktari na wauguzi waliotoka nchi za mbali kuja kufanya kazi katika hospitali kubwa ya mji ule. Chumba chake cha darasa kilitazamana na geti la hospitali, na kitabu chake kilikuwa kilekile siku zote, chenye jalada la buluu. Hata nyumbani aliwasahihisha wageni. Mumewe alizoea kusema kwamba kwao mtu hupiga hodi, hupanga ngeli zake, ndipo akaribishwe.

Siku moja wifi yake, dada wa mumewe, muuguzi wa miaka mingi katika hospitali ileile, alikuja pamoja na wageni wengine kula nao chakula cha mchana. Alikuwa na kisa. Daktari mmoja mgeni alimpokea bibi kizee aliyemwambia, "Mwanangu, nasikia kizunguzungu." Daktari akamuuliza anakisikia kwa sikio lipi. Bibi wa watu, kwa adabu, akajibu yote mawili. Akaandikiwa kwenda kupimwa masikio, na huko kwenye foleni akaanguka. Kumbe presha ilikuwa imeshuka mno. Alilazwa siku mbili, akapona.

Meza nzima ilicheka isipokuwa Bi Sarufi. Daktari yule alikuwa mwanafunzi wake, na katika mtihani alikuwa amempa tisini na moja kwa mia.

Wageni walipoondoka alifungua kitabu cha buluu, somo la hospitali. Mgonjwa wa kitabuni alisema, "Daktari, mimi ni mgonjwa. Nina maumivu ya tumbo." Bi Sarufi alijaribu kumkumbuka mtu yeyote, tangu azaliwe, aliyewahi kusema hivyo. Hakumpata.

Kesho yake alimwendea mkuu wa chuo chao cha lugha na kumweleza kwamba anataka kufanya utafiti: wagonjwa hutumia maneno gani kueleza maradhi yao, na ni mangapi kati ya hayo yamo kitabuni? Mkuu alimtazama juu ya miwani. Alimkumbusha kwamba ana stashahada tu, na kwamba utafiti una wenyewe huko vyuo vikuu. Mwalimu mwenzake, wa meza ya pili katika chumba cha walimu, aliposikia alisema huko ni kujikuna pasipowasha. Bi Sarufi hakubishana nao. Alisema atatumia Jumamosi zake, na hizo hakuna wa kumnyima.

Mganga mkuu wa hospitali alimruhusu kwa masharti mawili: kila mgonjwa aombwe ridhaa kwanza, na pasiandikwe jina la mtu. Basi akawa anakaa kwenye benchi la chuma kando ya mizani, daftari mapajani, wifi yake akiwapokea wagonjwa. Aliandika alichosikia. Moyo unanienda mbio. Miguu imekufa ganzi. Mwili umeniishia. Kifua kimebana. Msichana mmoja alisema kwa sauti ya chini kwamba hajaziona siku zake, na Bi Sarufi akatambua kwamba mwanafunzi wake yeyote angemuuliza ni siku zipi hizo.

Jumamosi ya pili alikuja mama amembeba mtoto. Mama akasema, "Tumbo yake inamkata tangu jana." Kabla hajajizuia, Bi Sarufi akasema kutoka kwenye benchi, "Tumbo lake linamkata."

Maswali yote yaliyofuata mama aliyajibu kwa ndiyo na hapana. Mama na mtoto walipotoka, wifi yake alimvuta pembeni, penye kabati la dawa.

"Wifi, hapa hatumsahihishi mtu. Ukimsahihisha hasemi tena. Sasa mimi nitamtibu kwa lipi?"

Bi Sarufi aliona haya. Siku hiyo hakuandika kitu tena. Njiani kurudi nyumbani aliwafikiria wanafunzi wake, jinsi wanavyoanza sentensi na kuiacha katikati huku wakimwangalia usoni. Kwa miaka yote alidhani ni uvivu.

Jumatatu alimwomba yule mwenzake wa meza ya pili aketi nyuma ya darasa lake na kupiga mstari mmoja kila anapomkatiza mwanafunzi. Kwa dakika arobaini mistari ilifika thelathini na minane. Mwenzake alimkabidhi karatasi bila mzaha wowote, kisha akamwomba aje naye amhesabie.

Baada ya wiki kumi alikuwa na semi mia mbili na kumi na nne. Zilizokuwemo kitabuni ni kumi na saba. Aliandika masomo mapya, na kila Jumatano wifi yake alikuja darasani kuigiza mgonjwa, tena mgonjwa msumbufu, wa kuzunguka mbuyu. Wanafunzi walisema mpaka mwisho. Makosa yaliandikwa ubaoni baadaye. Daktari wa kisa cha masikio naye alirudi kujifunza. Aliingia kwa aibu, na Bi Sarufi alimfuata hadi kwenye kiti chake.

"Kosa lile tulilifanya wawili," alimwambia. "Wewe ulikosea mara moja. Mimi miaka kumi na tisa."

Alama zilishuka, kwa kuwa mtihani mpya ulikuwa mgumu, na mkuu wa chuo alilalamika. Wifi akaleta hesabu ya hospitali: zamani wauguzi waliitwa kutafsiri mara tisa kwa siku, sasa ni mara nne. Mkuu aliisoma mara mbili. Mwezi uliofuata alimtuma Bi Sarufi kwenye mkutano wa walimu wa lugha, akaeleze.

Alieleza kwa dakika ishirini. Mwishoni mwalimu mmoja kijana aliuliza: je, wale wagonjwa wanaoficha, wanaosema kichwa kinawauma huku tatizo liko kwingine, daktari mgeni atawafahamu vipi?

"Sijui," Bi Sarufi alijibu, akaliandika swali.

Mwenzake wa meza ya pili, aliyekuja naye mkutanoni na kuketi safu ya mbele, alimuuliza wakati wa chai kama Jumamosi hii benchi lina nafasi ya mtu wa pili.