Bakuli la Bimdogo

Radhia alikuwa mwalimu pale katika mji wa Ibra, na walimu wana ugonjwa wao: kuonekana hawajui jambo huwauma kuliko jino.

Tangu utotoni alimsikia mamake, Bimdogo, akilisifia bakuli la kioo alilovuka nalo bahari kutoka Unguja: kila ua limechongwa kwa mkono na fundi wa Ulaya. Radhia naye akawa anawarudia hayo wageni, kifua mbele, mpaka siku moja mwaka 1996 mwalimu mwenzake, Basma, alipopitisha kidole ubavuni mwa bakuli akacheka.

"Hili halikuchongwa, habibti. Hili la kalibu. Kioo kilichoyeyuka hutiwa ndani ya kalibu ya chuma, kikakandamizwa kwa juu, kikatoka na maua yake tayari, kama biskuti za vileja. Huu mshono ndipo nusu mbili za kalibu zilipokutana. Hutoka mamia kwa siku."

Radhia aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Basi walipokuja watu kumposa bintiye, Ibtihal, alilificha bakuli kabatini chini ya mashuka, akapanga matunda katika jipya la dukani. Hakutaka kuchekwa mara ya pili.

Bimdogo akalitazama lile jipya mbele ya wageni. "Radhia, bakuli langu liko wapi?"

Wageni wote wakageuka.

"Limevunjika, mama." Uongo ulimtoka hata hajaufikiri.

Bimdogo hakununa. Kwetu kioo kikivunjika, shari iliyokuwa njiani imevunjika nacho. "Inkasar ash-shar! Limemkinga mjukuu wangu," akasema, na wageni wakamshukuru Mungu pamoja naye. Radhia alitamani ardhi ipasuke immeze.

Wageni walipoondoka, Bimdogo akamfuata jikoni. "Nipe hivyo vipande nikavifukie, visije vikamchoma mtu. Nasali kwanza."

Vipande vya wapi? Angeweza kusema kweli pale pale, ulimi ukagoma. Mama akiwa bado anasali juu ya msala, Radhia alilifunga bakuli kwa kitambaa, akatoka nalo nyuma ya nyumba, mchi mkononi. Kioo cha kalibu ni kinene, hakivunjiki kirahisi. Alilipiga huku analia, akijichukia kila pigo.

Bimdogo alikipokea kile kitambaa kwa mikono miwili, akayaona macho ya bintiye yalivyokuwa mekundu.

"Usilie, mwanangu," akamwambia, akimpapasa bega. "Ungelivunja makusudi, hapo ndipo ungelia."