Suti Mpya ya Bwana Katiba

Siku yangu ya kwanza kazini Dubai nilipewa sindano na furushi la suruali za wahudumu wa hoteli, nikaambiwa nizipinde miguuni. Mimi! Mama mzima, fundi mwenye kibanda changu Tanga, niliyewashonea maharusi wa Chumbageni mpaka Pongwe, leo napinda suruali za watu nisiowajua hata sura. Nilimkodolea macho yule mzee aliyeniletea, naye akanitazama juu ya miwani yake, akasema neno moja tu la Kiarabu: "Yalla," yaani haya, anza. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili na kumi, nami nimeshavuka arobaini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, basi nikainama nikapinda.

Karakana yetu ilikuwa Al Garhoud, nyuma ya mahoteli, karibu na uwanja wa ndege kiasi kwamba ndege ikipaa mazungumzo yanasimama. Tulifanya kazi mbili: kushona sare za hoteli, na kukodisha mavazi ya maonyesho. Juu ya wote alikuwepo Arbab, mwenye mali, ambaye alikuja mara chache, akanywa chai, akatuuliza hali, akaondoka. Chini yake alikuwepo Meneja, Mhindi wa makamo mwenye simu mbili zisizonyamaza. Halafu Masta, ndiye yule mzee wa miwani.

Nyinyi vijana mnaojifunza kwa video niwaeleze masta ni nani. Katika karakana za kule, masta ndiye mkataji. Sisi wengine wote twashona; yeye peke yake ndiye anayeweka chaki na mkasi juu ya kitambaa. Sababu ni rahisi: mshono ukikosewa unafumuliwa, lakini kitambaa kikikatwa vibaya hakina dawa. Masta wetu naye alikuwa Mhindi, mfupi, mnene, bega moja limeshuka kwa kuinamia meza miaka yote. Alichanganya Kiingereza, Kihindi na Kiarabu katika sentensi moja, nasi tulimwelewa. Hapa namsemesha Kiswahili, anisamehe.

Nilipanda taratibu. Kutoka kwenye pindo nikapewa vifungo, kutoka vifungo nikapewa bitana, ile nguo ya ndani ya koti, na baadaye kola, ambayo ndiyo mtihani wa mshonaji. Kila kazi niliyomaliza Masta aliigeuza ndani nje kwanza. Alisema nje ni ya mteja, ndani ni ya fundi, na yeye anataka kuniona mimi. Nikimwomba anifundishe kukata ananijibu bado. Nilimwita mchoyo, mbele yake, kwa Kiswahili, na yeye akitikisa kichwa kwa heshima akidhani namshukuru.

Basi ikaja ile kazi. Chama kimoja cha Wahindi wa mjini kiliandaa maonyesho katika ukumbi wa hoteli ya jirani: watu wakubwa wa nchi yao tangu kale, kila mmoja sanamu yake imesimama na mavazi yake. Karakana nzima ilichachamaa! Tulikuwa tumechoka na sare za wapishi, na sasa tunaambiwa tuvalishe wafalme. Nakato, binti wa Kiganda aliyekuwa mpiga pasi wetu, alisema kwamba tangu azaliwe hajawahi kunyoosha joho la mfalme, na kwamba mama yake akisikia hataamini.

Majina yao siyataji, maana sisi tuliwaita kwa mavazi. Alikuwepo mfalme wa kale aliyeshinda vita kubwa, akatazama maiti, akajuta, akaagiza maneno ya huruma yachongwe kwenye mawe nchi nzima. Meneja alitaka apewe upanga, Masta akakataa katakata. Alikuwepo mwana wa mfalme aliyeacha kasri akaenda kuomba chakula kwa bakuli, na mafundisho yake yakavuka milima mpaka Uchina na Ujapani. Alikuwepo mtaalamu wa nyota na hesabu ambaye sura yake hakuna aijuaye. Nilipouliza huyu ana umaarufu gani, Masta alinyoosha futi yangu ya kupimia, akaweka kidole kwenye kumi, kwenye ishirini, kwenye thelathini, akaniambia hiyo sifuri unayoitumia kutwa imetoka kwa watu kama yeye. Nilisisimka mwili. Miaka yote naishika futi, sikujua nimewashika wazee wa Kihindi mkononi! Na alikuwepo Bwana Shuka, mzee wa fimbo na miwani, ambaye hata wazee wetu waliopigania uhuru walimtaja kwa heshima. Nguo yake haina mshono hata mmoja, na ndiyo iliyotutoa jasho kuliko joho la mfalme, kwa sababu shuka ikikosa mpango hapo huna pa kujificha.

Wa mwisho alikuwa mwanasheria aliyeongoza kazi ya kuandika katiba yao. Sisi tukamwita Bwana Katiba. Huyu alivaa suti ya buluu, na kizibao ndani, na tai. Meneja aliona hapo pa kupumzika. Akasema suti za buluu tunazo tele kwenye mavazi ya kukodisha, nichukue moja niipunguze, khalas, yaishe.

Nilichukua moja iliyokwisha kuvaliwa na nusu ya waigizaji wa Dubai. Nikacheka, nikamwambia Masta kwamba bwana huyu atavaa kafa Ulaya. Akauliza maana yake. Nikamweleza kwamba utotoni kwetu ndivyo tulivyoita mitumba: mwenyewe kafa huko Ulaya, nguo zake zimetufuata sisi. Nilidhani atacheka. Wapi! Aliweka mkasi mezani, akavua miwani, akakaa.

Akanisimulia polepole. Kijijini kwa baba yake watu wa ukoo wao walihesabiwa najisi. Kisima cha wengine hawakukigusa, kivuli chao kilikwepwa. Na nguo walizoruhusiwa kuvaa zilikuwa zile zilizovuliwa maiti. Bwana Katiba alizaliwa katika tabaka hilohilo. Akasoma mpaka ng'ambo, akarudi, na katiba aliyoiandika ikapiga marufuku mtu kuitwa najisi. Ndiyo maana hakuvaa shuka wala joho. Alivaa suti mpya, iliyopigwa pasi, makusudi, ili kila amwonaye amwone mtu kamili.

"Mama Tanga," akaniambia, "mpe yeyote humu nguo iliyovaliwa. Huyu usimpe."

Mimi nimekua kwa mitumba, na ilinipendeza kweli. Sikujua kwamba kuna watu ambao kwao lile tulilolifanya mzaha lilikuwa sheria. Niliona uchungu, tena na hasira.

Tukaenda kwa Meneja. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye haraka. Akasema maonyesho ni keshokutwa, kitambaa cha suti hakipo, na sanamu hailalamiki.

"Basi hiyo ya kukodisha mvalishe mfalme," Masta akamjibu. "Yeye hajawahi kukosa nguo mpya, hatajali."

Meneja alicheka, halafu kicheko kikamkauka. Akasema kama tutapata kitambaa na suti itakuwa tayari kabla ya sanamu kuchukuliwa, sawa. Isipokuwa tayari, atasimama na ile ya kukodisha.

Kitambaa kilipatikana asubuhi iliyofuata. Masta alikitoa chumbani kwake, kimefungwa karatasi: sufu laini ya buluu. Alikuwa amekaribia kurudi kwao moja kwa moja, na alikiweka ajishonee suti ya kushukia nyumbani. Mtu aliyekata suti maisha yake yote hakuwa na yake hata moja. Akakitandaza mezani, akapiga mstari wa kwanza wa chaki, na mstari ukapinda. Akaufuta, akapiga mwingine, nao ukapinda. Mkono ulikuwa unatetemeka, na sote tuliona.

Akanigeuzia mkasi, mpini kwangu. "Kata," akasema.

Jamani! Neno nililolingoja miaka yote, na linakuja juu ya kitambaa kisicho na mwenzake. Nikikosea, Bwana Katiba anavaa nguo ya maiti na Masta anarudi kwao mikono mitupu. Nilipima, nikaandika vipimo kwenye kiganja, nikapiga chaki. Masta akauliza mbona kiuno ni kikubwa hivyo na sanamu ni nyembamba. Nikamwonyesha picha, kwamba mwenyewe alikuwa na mwili, sanamu tutaijaza pamba. Akakubali. Nikasoma Bismillahi, nikakata. Sauti ya mkasi mzuri ukipita kwenye sufu nzuri, wallahi, hakuna raha kama hiyo! Kutwa nzima tulishona bila kuinua kichwa, Nakato akinyoosha kila mshono unapotoka, Masta akigeuza kila kipande ndani nje. Mwishoni akageuza koti zima, akalitazama, akaligeuza tena, akanirudishia bila kusema kitu. Kwa Masta hiyo ni sifa.

Maonyesho yalijaa. Watoto walimkimbilia mfalme, wazee walimkimbilia Bwana Shuka, na mimi nilizunguka kama mama wa bwana harusi. Kwa Bwana Katiba niliwaona wafagizi wa hoteli, Wahindi, wamesimama na sare zao. Mmoja akaugusa ukingo wa koti, akafikisha vidole kwenye paji la uso. Masta alikuwa mlangoni, na alilia waziwazi.

Mavazi yaliporudi karakanani, Meneja akaanza kuyapachika namba ili yakakodishwe. Alipofika kwenye ile suti nilimkamata mkono. Nikamwambia hiyo haitamkaa mteja yeyote: kiuno kipana, mikono mifupi, bega la kulia limeshuka.

Masta aliinua kichwa. Akaja, akashika lile bega la koti, akalipapasa, kisha akashika la kwake.

"Ulikata kwa vipimo vyangu," akasema.

Nikamjibu kwamba nilimpima kwa macho, maana kitambaa kilikuwa chake. Halafu nikaingiwa na hofu, maana ghafla nilikumbuka kwamba sasa namkabidhi yeye, katika watu wote, nguo iliyokwisha kuvaliwa. Nikaanza kujitetea, kwamba ilikuwa kwenye sanamu tu. Akanyoosha mkono ninyamaze.

"Wafalme wetu," akasema, "walipotaka kumtukuza mtu, walivua joho lao wenyewe wakamvika. Kwa watu wa ukoo wetu hakuna mfalme aliyewahi kuvua." Akaingiza mkono mmoja, akaingiza wa pili, akafunga kifungo. "Huyu amevua."

Aliondoka nayo mwezi wa nane, joto la kuchemsha mayai, kizibao kimefungwa mpaka juu, na akakataa katakata kuvua koti hata kwenye teksi. Meneja mwenyewe alimpeleka uwanjani. Mimi niliachiwa meza yake, nikakata mpaka macho yaliponiambia inatosha.

Sasa nimestaafu, niko Tanga, na wasichana ninaowafundisha wananiuliza kila mara ni mtu gani mkubwa kuliko wote niliyewahi kumshonea. Nawaambia nilishona suti moja, wakaivaa watu wawili, na iliwakaa wote.