Ashuke Wapi?

Mtasema mtunga riwaya hawezi kuaminiwa. Sawa, lakini kisa hiki sikukitunga. Ningekitunga mimi, ningekipa mwisho mwingine.

Kaka yangu Faki alikuwa mhakiki wa programu za kompyuta. Hakuzijaribu tu na kuomba heri. Aliandika kwanza ahadi kwa lugha ya hisabati, kisha akathibitisha kwamba programu haiwezi kuivunja, litokee litakalotokea. Alirudi nyumbani Kengeja kutengeneza mtambo wa usalama wa boti iendayo Kisiwa Panza. Kila abiria angevaa kikuku cha plastiki, na boti ikimaliza safari huku mtu mmoja hajashuka, king'ora kingelia gatini ili atafutwe. Ahadi ilikuwa moja: kila aliyepanda lazima ashuke, la sivyo king'ora kilie.

Adhuhuri moja tulikuwa barazani tukasikia hodi. Akaja mama tusiyemjua, kanga zake zikichuruzika maji. Niaminini, mbingu ilikuwa nyeupe kwa jua.

"Karibu, bi mkubwa. Umenyeshewa peke yako?" Faki akamtania.

Hakucheka. Aliketi. "Nisomee ahadi yako, mwanangu."

Nani alimwambia kuna ahadi? Faki akamsomea, kifua mbele.

"Ashuke wapi?"

"Eti wapi! Boti itamshusha wapi kama si gatini? Juu ya mnazi?"

"Mie nishashuka," alisema taratibu, "na bado sijafika."

Akainuka, akaenda zake. Nilimfuata hadi njiani: mchanga mkavu, hakuna unyayo. Maji aliyoyaacha barazani niliyagusa kwa ulimi. Chumvi.

Faki aliisoma upya sentensi yake, neno kwa neno. "Kweli, kuna neno limekosekana," alinong'ona. Lakini kuliongeza kulitaka athibitishe upya tangu mwanzo, na safari ya kwanza ilikuwa alasiri ile ile.

"Ahirisha, kaka."

"Watu washavaa vikuku. Nimwambie nini nahodha, jini kanikosoa hisabati? Kesho nitaliongeza."

Alipanda mwenyewe kuusimamia mtambo, nami nikamsubiri gatini arudi, simu mkononi ikinionesha majina ya waliopanda. Boti ilikuwa bado mbali, nukta juu ya maji, jina la Faki lilipobadilika: *ameshuka*.

Nilipiga kelele. Mnajua watu wa gatini walinijibu nini?

"Tulia, dada. Angeanguka, mtambo ungelia. Si umethibitishwa?"

Mara ya mwisho alionekana ameinamia kifaa nyuma ya boti; wimbi likamchukua, hakuna aliyeona. Kikuku kilipoachana na boti, programu ikamhesabu miongoni mwa walioshuka. Haikusema uongo. Boti ilipofunga kamba na kugeuzwa kumtafuta, maji ya kupwa yalikuwa yametoka kwa kasi, na kaka yangu pamoja nayo.

Tulimsomea hitima bila ya kaburi. Wenzake waliongeza neno "gatini", wakathibitisha upya, kila mstari. Tangu hapo, boti ikifika na abiria wote wakatoka, king'ora hulia. Wamebadilisha vikuku, wamebadilisha nyaya, na bado hulia, kana kwamba kuna mmoja hajashuka. Mama yetu hukisikia akiwa jikoni. Huacha chungu kiungue, akakimbia pwani bila viatu, na kila mara mimi ndiye ninayemrudisha.

Nawe unayeandika ahadi, hata kama ni kwa mashine tu, mgeni akikuuliza swali dogo mchana kweupe, usimcheke. Na usiinuke hapo ulipo mpaka umemjibu.