Dawa ya Joto Haitaki Ukarimu

Mume wangu alikuwa mkarimu, na ukarimu wake nusura utufungie kibanda.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, pale Kayanga. Tulitengeneza redio, na kompyuta ndiyo kwanza zilikuwa zinaingia Karagwe. Yeye walimwita fundi. Mimi niliulizwa, "Mama, fundi yupo?" hata nikiwa na bisibisi mkononi. Lilinikera, sifichi. Mashine nilizijua sawa na yeye, na nilitaka nami niitwe fundi kabla sijaota mvi.

Siku hiyo sista, mkuu wa shule ya wasichana, aliirudisha kompyuta yake. Ilikuwa ikiwashwa inapata moto na kujizima.

"Ikizima tena naipeleka Bukoba," alisema, "na zile kompyuta mpya za shule zinazokuja zitakwenda huko huko."

Mume wangu akaifungua, akaongeza dawa ya joto. Ni krimu nyeupe inayopakwa juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, kabla ya kulaza lile bati la kupozea lenye feni. Kazi yake ni kujaza vijishimo ili joto lipite kwenda kwenye bati. Ikiwa nene, inageuka blanketi. Lakini umwambie nani? Kwao Kibingo mtoto akitoka kuoga alipakwa samli mpaka anateleza, na mgeni alipakuliwa ndizi mpaka sahani haionekani. Aliikamua tyubu vivyo hivyo, krimu ikafurika pembeni. Tukawasha. Ikazima.

Sista akaanza kukusanya nyaya zake.

"Sista, subiri kidogo," nikasema. "Niachie mimi."

Mume wangu alicheka, ila akasogea, kwa sababu ujanja ulikuwa umemwishia.

Nilifuta krimu yote kwa pamba na spiriti. Nikaweka tone dogo katikati, nikalitandaza kwa kipande cha plastiki nilichokata kwenye mfuniko wa kopo. Mimi nimelelewa Ihembe, watoto tele na kopo moja la mafuta ya kujipaka, kutandaza nakujua. Niliacha utando mwembamba hata maandishi ya prosesa yakaonekana kwa mbali, kama gauni la ndani chini ya kitambaa chepesi.

"Mawe!" mume wangu akamaka kwa lugha ya kwetu, kama anayemwita mama yake. "Hiyo umeipaka au umeionyesha tu?"

"Nimeipaka."

Nilishusha bati moja kwa moja kutoka juu, bila kuliburuta, nikabana kibanio mpaka kikalia.

Jenereta likanguruma, sista akaketi kuchapa. Alichapa ukurasa, akaanza mwingine, chai tuliyompa ikapoa pembeni yake. Mume wangu aligusa bati kwa kidole, akasubiri, akaligusa tena. Lilikuwa na uvuguvugu tu. Akaichukua ile tyubu, akaifunga kifuniko, akaiweka upande wangu wa meza.

Hatimaye sista alisimama, uso umemchangamka, akampa mume wangu mkono.

"Asante sana, fundi. Zile mpya zikifika nitakuletea wewe."

Niliinama nikaanza kuokota pamba zilizotapakaa mezani, nisionekane uso.

Mume wangu hakuupokea ule mkono.

"Fundi ni huyu, Sista," akasema. "Mimi ni mume wake."