Mota ya Kusagia Kimea cha Mama

Nilirudi kijijini kwetu, juu ya Lukozi, nikiwa na stashahada ya umeme na nyumba ya tofali za kuchoma niliyoijenga bila kumpigia mtu magoti. Sijisifu bure. Katika ukoo wetu wote mimi ndiye wa kwanza kufunga mota, na hakuna mota iliyowahi kunitoa jasho mara mbili. Isipokuwa moja.

Mama hupika pombe ya mahindi, na si ya kuuza. Shamba lake liko kwenye mteremko mkali, na huku kwetu anayetaka kulimiwa hualika majirani, akawapikia pombe. Pasipo pombe majembe hayaji. Mwaka niliorudi, bega lake la kulia lilikuwa limekataa kazi. Nilimkuta akizungusha mashine ya kusagia kimea kwa mkono wa kushoto, raundi tatu, kisha anapumzika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umefika kuniona msimu wangu wa mwisho. Mwakani shamba alime mwingine."

Alilisema hilo akiwa anatazama kimea.

Kesho yake niling'oa mpini, nikafunga mota na mkanda. Nilikuwa nimetumikia mashine za sembe Dar es Salaam miaka mingi, na kule unga laini ndio sifa. Basi nikaweka puli mbili za mkanda za ukubwa mmoja, mashine ikimbie sawa na mota, nikakaza sahani za kusagia, nikawasha. Debe zima likaisha kabla chai yangu haijapoa. Nilisimama pale kama bwana harusi. Mama akachota unga, akausugua kwa vidole, akatabasamu.

Siku ya kuchuja alikuja mama mdogo, anayemsaidia kupika miaka yote. Alikamua chujio mpaka mishipa ikamtoka shingoni. Halikutoka tone.

"Dada! Huyu mwanao amesomea ugali!"

"Mwache mtoto wa watu."

"Mtoto gani, ana mvi! Njoo ule, fundi, mboga tu ndiyo haipo."

Chungu chote wakapewa ng'ombe. Tulipobaki wawili nikamwuliza mama kama alijua tangu mwanzo.

"Vidole viliniambia. Kimea kinatakiwa chenga, maganda yabaki makubwa, pombe ipate pa kupita."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ulikuwa na furaha sana, baba. Nikasema, labda mashine ina siri yake."

Majirani walikuwa wamekwisha kualikwa. Mama mdogo, pamoja na mdomo wake, alitoa kimea alichokuwa amejiwekea. Mimi nikapanda bodaboda mpaka Lushoto, nikarudi nimepakata puli kubwa ya mashine chakavu ya kukoboa. Nikaifunga upande wa mashine ya kusagia, ile ndogo ikabaki kwenye mota, na mwendo ukashuka ukawa wa mtu asiye na haraka.

Safari hii mama alivuta kigoda, akakinga kiganja pale unga unapotokea.

"Legeza kidogo. Bado. Umezidisha, rudisha. Hapo! Usiguse tena."

Mwenye stashahada nikawa nageuza skrubu kwa amri ya mtu aliyeishia darasa la nne, na sikumbuki kazi niliyoifanya kwa raha kuliko ile. Mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya goti langu, umepumzika.

Siku ya kulima, majirani walifika na majembe ukungu ukiwa bado bondeni. Kwa desturi mpishi huonja kwanza, watu wamwone. Mama alichota kata, akanywa funda moja, kisha akanipa mimi mbele ya wazee.

"Na huyu aonje. Yeye ndiye aliyesaga."

"Kumbe mpishi siku hizi ni fundi umeme?" mzee mmoja akauliza.

"Mpishi ni mimi. Nyanyukeni, jua linapanda."

Akatangulia mteremkoni kuwaonyesha pa kuanzia. Nilimsikia akiwaambia wasiguse tuta la chini, walipumzishe, kwa maana mwakani anataka kulipanda maharage.