Mrija wa Wepukhulu

Kila Jumamosi alasiri Wepukhulu alichomoa mrija wake kutoka kwenye mwanzi alimoutunza, akaupuliza mara mbili na kusikiliza pumzi ikipita, ndipo akaondoka nyumbani. Hakuacha kufanya hivyo hata miaka ile ambayo busaa, pombe ya nafaka, haikupita tena humo.

Alikuwa amepima mahindi katika ghala moja la Kitale kwa miaka ishirini. Mwaka 1951 alirudi kwao Bokoli, na mdogo wake Wekoye akampikia busaa ya kumkaribisha. Wazee walizunguka chungu kimoja, kila mtu na mrija wake mrefu. Jua halijatua Wepukhulu aliinama, mikono tumboni, akisema maumivu yanamchoma kutoka chembe cha moyo hadi mgongoni. Alipata nafuu tu alipokumbatia magoti. Jumamosi iliyofuata, kwenye chungu kilekile, ikawa vivyo hivyo.

Binti yake Nasimiyu, mwalimu wa shule, aliingia katikati ya wanaume akauchomoa mrija wa baba yake chunguni. Kwao, kumwondolea mtu mrija chunguni ni kumwambia mwenye chungu kwamba ametia sumu. Wekoye alibaki akiutazama mrija ukidondosha povu mchangani.

Kwa miaka minne ndugu hao hawakula pamoja. Maumivu yalikuja na kuondoka. Wepukhulu alikula vizuri lakini alikonda, mpaka mashati yake yakaonekana ya kuazima. Choo chake kilikuwa cheupe chenye mafuta, jambo ambalo mkewe alilinong'ona kwa aibu. Nasimiyu aliyahesabu yote kuwa kazi ya sumu, na alipokutana na baba yake mdogo njiani alitazama pembeni.

Mwaka 1955 alimpeleka baba yake hospitalini Kitale. Daktari alimpiga picha ya tumbo, akamwachia msaidizi wake, dresa aitwaye Bramwel, kazi ya kueleza.

“Mzee, haya maumivu yalianza lini?”

“Kwa chungu cha Wekoye,” Nasimiyu akajibu.

“Nimeuliza mzee, mwalimu.”

Wepukhulu alitazama viatu vyake. “Yalianza hapa Kitale. Kama mwaka moja kabla nirudi nyumbani.”

“Na hapa ulikuwa unakunywa nini?”

“Ile kali, ya kuwaka moto. Kila jioni. Si vumbi ya mahindi ilikuwa inajaa koo, bana.” Akamgeukia binti yake, ambaye alimwita Mama kwa kuwa alirithi jina la mama mzazi wa mzee. “Nilidhani ni uchovu, Mama. Halafu ulipochomoa mrija mbele ya watu, nikaona haya kusema.”

Bramwel aliinua picha dirishani. “Mnajua ile nyama laini nyuma ya tumbo la mbuzi, ile mnatupia mbwa? Hata mtu anayo. Ni kongosho. Linatoa maji ya kusaga chakula, hasa mafuta. Lako limekauka, mzee. Ona hizi chembe nyeupe kama punje za wimbi: ni mawe. Ndiyo maana mafuta unayokula yanatoka vile yaliingia.”

“Si sumu?” Nasimiyu aliuliza.

“Kama ni sumu, alijiwekea mwenyewe, glasi kwa glasi.”

Nasimiyu alicheka, kisha akalia, na hakujua kipi kilimtua mzigo zaidi.

Kongosho halingepona, Bramwel alisema, lakini mtu huishi nalo. Aache pombe na tumbaku. Ale kidogo kidogo, mara tano kwa siku, mafuta yapungue. Kila chakula akimeze na unga uliotengenezwa kwa kongosho la nguruwe. Na mkojo upimwe sukari mara kwa mara.

“Hata kuonja busaa?”

“Hata kulamba mrija, mzee.”

Hapo ndipo palipokuwa na tatizo. Asipotia mrija chunguni kwa Wekoye, watu wangesema sumu ile bado inakumbukwa.

Nasimiyu alimwendea Wekoye. “Baba, nilikukosea.”

“Ulinikosea mbele ya watu. Utanirudishia mbele ya watu.”

Jumamosi Nasimiyu alichuja uji mwepesi wa wimbi, akauweka katika chungu kidogo kando ya kile kikubwa cha Wekoye, wazee wakitazama, na kwa mkono wake akatia mrija wa baba yake humo. Wekoye, kama mwenye nyumba, alionja kwanza kwa mrija huohuo. Alilazimika kusimama kwa ncha za vidole.

“Mwacheni,” Wepukhulu akasema. “Mrija umemzidi urefu.”

“Na wewe shati limekuzidi upana!”

Walicheka mpaka wengine wakapaliwa.

Mwili ulimrudia Wepukhulu. Maumivu yalimtembelea mara chache, naye akajua kuyakalia, magoti kifuani. Ugonjwa wa sukari ulimpata baadaye, na mwaka 1959 ukawa mzito. Jumamosi ya mwisho hakuweza kutoka kitandani. Nasimiyu alimletea mwanzi, naye akachomoa mrija, akaupuliza mara mbili, akasikiliza.

“Mpe Wekoye, Mama,” alisema. “Lakini aukate kidogo.”