Nilimfanya Rafiki Yangu Asiliamini Sikio Lake

Mhariri, lifiche jina langu. Majina ya wenzangu nimeyabadili mwenyewe. Mimi ni mwalimu wa historia, nina miaka arobaini na minane, naishi Kyela mjini. Wanaonijua wanaujua mdomo wangu. Tangu mambo haya ya ruksa na soko huria yaanze nimeandika barua magazetini kupinga karibu kila kinachoshushwa kwenye maroli, kuanzia mitumba mpaka betri za redio. Leo sitaki kubishana na mtu. Nimekwama.

Nina ugonjwa ambao hapa kwetu wanaoujua ni wachache: napenda simfoni, ule muziki mrefu wa okestra za Ulaya. Tena si wa watunzi wakubwa ambao kila redio inawapiga, bali wa wale waliosahauliwa hata kwao. Mmisionari mmoja alipoondoka aliniachia kanda kumi na moja, na kwa miaka mingi tulikuwa watatu wa kuzisikiliza na kuzigombania kila Jumamosi alasiri: mimi, Ambakisye wa Njisi, anayefanya biashara ya kuvuka mpaka kwenda kwa shemeji zake Malawi, na Idrisa, mwenye duka la redio Bondeni, ambaye wazee wake walitoka Kilwa. Tulikuwa tukikaa dukani kwake, na redio ya kupigia kanda nikibeba yangu. Tuliweza kumaliza saa nzima juu ya tarumbeta iliyoingia mapema, au kama mtunzi fulani alimwibia mwalimu wake. Wateja walidhani tunabishana siasa.

Kanda niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mtunzi wa nchi za baridi. Jina lake liliandikwa kwa wino, unyevu wa Kyela ukalifuta, basi tukamwita Bwana Theluji. Kwenye redio yangu sehemu yake ya pili ilikwenda polepole, nzito, kama watu wanaotoka kuzika. Nikatangaza kwamba huyu aliandika msiba wa taifa lake, nikajaza kurasa ishirini kulithibitisha hilo.

Idrisa akaiazima, akaipiga kwenye redio mojawapo ya zile mpya anazouza. Jumamosi iliyofuata akaniambia kwa upole kwamba yeye anasikia ngoma ya harusi, na kwamba yule anayetangaza mwishoni mwa kanda, ambaye mimi na Ambakisye tulimwita yule mzee, kwake ni mwanamke. Kisha akasema, "Mwalimu, usinikasirikie. Kanda kwako inajikokota. Ni hizo betri unazoanika juu ya bati."

Ni kweli nilikuwa naanika. Nilikuwa nimeapa kutonunua betri za kutoka nje, na za kwetu zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kwa hiyo zikichoka naziweka juani, zinapata nguvu kidogo, nazirudisha. Nilijiona mtu mwenye msimamo. Nikamjibu mbele ya wateja, "Wewe unauza betri, basi kwako kila ugonjwa dawa yake betri. Hizo redio zako za soko huria zinakimbia kama waliozileta."

Watu walicheka. Ambakisye alicheka mpaka akashika kaunta. Idrisa akaomba tuweke saa mezani, tuone upande mmoja wa kanda unachukua dakika ngapi kwangu na ngapi kwake. Nikamwambia muziki haupimwi kama mchele.

Sikuishia hapo. Kila Jumamosi nilimchokonoa, nikimwuliza mbele za watu kama harusi yake imekwisha. Mtu ukimwambia kila wiki kwamba hasikii, na ukamwambia kwa maneno ya vitabuni, mwisho atakuamini. Mke wake alipofariki, arobaini ilipopita, alikuja nyumbani kwangu akaomba nimpigie Bwana Theluji. Alisikiliza ameinama mpaka mwisho, akafuta macho, akasema nilikuwa sahihi, huu ni msiba. Mungu anisamehe. Mgane analia kwenye kiti changu, na mimi nilichokisikia moyoni ni kwamba nimeshinda.

Masika haya malaria ilimpanda Idrisa kichwani. Dripu za kwinini zilimwokoa, lakini masikio hayakurudi. Hasikii hata mlango ukibamizwa.

Wiki chache baadaye nilikwenda Njisi kwa Ambakisye, nikabeba ile kanda ili tumkumbuke mwenzetu. Redio yake anaiunganisha na betri ya gari. Sehemu ya pili ilipoanza niliruka. Ilikuwa ngoma, nyepesi, ya kuchezesha miguu. Nikasema mashine yake mbovu. Tukangoja mpaka mwisho. Mtangazaji akazungumza, na alikuwa mwanamke, sauti ya kawaida kabisa ya mama anayesoma taarifa. Ambakisye alizima redio. "Kaka," akasema, "tulimcheka aliyekuwa anasikia."

Kesho yake nikaenda Bondeni kuungama. Siku hizi tunamwandikia kwenye daftari, yeye anajibu kwa mdomo. Kabla sijaandika neno akaanza kunisimulia, kwa ile sauti kubwa ya mtu asiyeisikia sauti yake mwenyewe. "Kanda zote zimezimika kichwani, Mwalimu. Amebaki Bwana Theluji tu. Ananipitia polepole, vilevile ulivyonifundisha, na mama watoto yumo humo ndani. Ndaga." Mtu wa asili ya Kilwa ananishukuru kwa Kinyakyusa. Nikafunika kalamu.

Nikimwambia ukweli, namrudishia heshima ya sikio lake, lakini ngoma yenyewe hataisikia tena, na ule msiba uliombeba mkewe nitakuwa nimeuvunja. Nikinyamaza, ninaendelea kumshinda kwa uongo hadi kaburini. Ambakisye anasema ni haki yake kujua. Mke wangu anasema nimeshamnyang'anya mara moja, inatosha.

Wasomaji, kila Jumamosi bado nakwenda. Ananikaribisha, ananisogezea daftari, anasubiri. Niambieni, niandike nini?